Triphala: Matunda Matatu Katika Dawa Moja

Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, dawa chache zinatumika sana kama triphala. Jina hilo ni la Kisanskriti, na maana yake ni matunda matatu, yaani haritaki, bibhitaki na amalaki. Miti izaayo mawili ya kwanza ni ya jenasi ya Terminalia, na hivyo ni jamaa ya mkungu, mti wa kivuli uliozoeleka katika pwani ya Afrika Mashariki. Amalaki, ambalo huitwa pia amla, ni tunda la mviringo lenye uchachu mkali. Matunda hayo hukaushwa, kokwa huondolewa, na nyama yake husagwa na kuchanganywa, aghalabu kwa vipimo vilivyo sawa.

Waganga wa Ayurveda humpa mgonjwa aliyefunga choo unga huo katika maji ya uvuguvugu, hasa wakati wa kulala. Maji yaliyorowekwa unga na kuchujwa hutumika pia kusukutulia kinywa na kuoshea macho.

Uchunguzi wa kikemia umeonyesha kwamba matunda haya yana tanini kwa wingi, pamoja na asidi ya galiki na ya elagiki. Tanini hushikamana na protini. Ndiyo sababu haritaki imetumika tangu zamani kutengenezea ngozi za wanyama. Nguvu hiyo hiyo huweza kudhoofisha bakteria. Katika majaribio kadhaa yaliyofanywa India, kusukutua kwa triphala kulipunguza utando wa meno kwa kiasi kinachokaribia kile cha klorheksidini, dawa ya kawaida ya kinywa ambayo huweza kuyatia meno madoa. Kuhusu kufunga choo, majaribio yaliyopo ni machache na madogo. Ama habari kwamba triphala huua chembe za saratani, hizo zinatokana hasa na kazi za maabara, nazo hazitoshi kuthibitisha kuwa dawa hii humponya mgonjwa.

Yapo pia madhara. Dozi kubwa huharisha. Tanini hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma, jambo zito kwa mwenye upungufu wa damu. Maji yasiyotakaswa huweza kuambukiza jicho. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa za hospitali hana budi kumwarifu daktari wake, kwani amla huweza kushusha sukari ya damu.

Hatari nyingine hutokana na utengenezaji. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti wa Marekani walipima dawa 70 za Ayurveda za aina mbalimbali zilizonunuliwa madukani katika eneo la Boston. 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Sumu hizo hazionekani kwa macho wala hazitambulikani kwa ladha. Kwa hiyo, anayenunua unga usiojulikana ulikotoka hawezi kujua anameza nini, hata kama matunda yenyewe ni salama. Upimaji wa dawa hizi katika maabara ni sehemu ya tiba yenyewe.