Kutoka Mabega ya Wapagazi Hadi Namba 115: Historia ya Usafiri Inayopita Bugarama

MAKALA

Katika Kata ya Bugarama, Halmashauri ya Wilaya ya Msalala mkoani Shinyanga, karne kadhaa za ubunifu wa usafiri zinaonekana kwa siku moja. Mkokoteni wa ng'ombe hupishana na baiskeli iliyobeba gunia la mkaa. Bodaboda huipita baiskeli. Lori la mzigo huwatimulia vumbi wote watatu. Jirani, katika mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, wachimbaji huteremshwa ardhini kwa mitambo hadi kina cha mamia ya mita.

Kila chombo kati ya hivyo kilibuniwa mahali fulani, kwa haja fulani, na kilifika Kanda ya Ziwa kwa wakati wake. Kuielewa safari hiyo kunamsaidia mwananchi kuona kwa nini chombo peke yake hakijawahi kutosha. Chombo huhitaji njia, na njia huhitaji utaratibu wa kuwafikia watu kabla hawajachelewa.

Enzi ya mabega

Gurudumu limejulikana duniani kwa zaidi ya miaka 5,000, likihusishwa na Mesopotamia ya kale, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Iraki. Hata hivyo, kwa karne nyingi mizigo ya bara la Tanzania ilibebwa na binadamu. Wenyeji hawakukosa maarifa. Kikwazo kikubwa kilikuwa mbung'o, ambao waliua ng'ombe, farasi na punda katika mapori mengi yaliyopo kati ya pwani na maziwa makuu. Gari lisilo na mnyama wa kulivuta halina faida.

Kazi hiyo ikaangukia mabega ya wapagazi, wakiwemo Wanyamwezi na Wasukuma waliosifika kwa ustahimilivu wao. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 au zaidi kwa mamia ya kilomita. Mwaka 1858, msafara wa Mwingereza John Hanning Speke uliondoka Tabora Julai 9 na kufika Ziwa Victoria Agosti 3, takriban siku 25 za mwendo wa miguu kuelekea kaskazini.

Miaka 16 baadaye wapagazi walifanya jambo la kustaajabisha zaidi. Boti ya Henry Morton Stanley iliyoitwa Lady Alice, yenye urefu wa futi 40, iligawanywa vipande vitano na kubebwa kutoka Bagamoyo kuanzia Novemba 1874. Baada ya zaidi ya siku 100, vipande hivyo vilifika ufukweni mwa ziwa mwishoni mwa Februari 1875, vikaunganishwa na boti ikashushwa majini. Vitabu vingi hulitaja jina la mwenye boti. Boti yenyewe ilifikishwa na mabega ya wapagazi.

Mvuke wafika Usukuma

Mwaka 1804, Richard Trevithick aliendesha garimoshi juu ya reli huko Wales, Uingereza. Siri ya ubunifu huo ni msuguano mdogo: gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huviringika kwa urahisi, hivyo injini moja huvuta mzigo ambao ungehitaji maelfu ya watu.

Ilichukua karne moja kwa teknolojia hiyo kuanza kupenya bara la Tanzania. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 chini ya utawala wa Wajerumani, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, utawala wa Waingereza ulijenga tawi kutoka Tabora kupitia Shinyanga, nalo likafika Mwanza mwaka 1928. Pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda bandarini bila kubebwa kichwani.

Katika kipindi hichohicho wananchi wa Shinyanga walifyeka mapori ili kuwafukuza mbung'o, kazi iliyoambatana na utafiti maarufu wa mdudu huyo uliofanyika mkoani humo chini ya C. F. M. Swynnerton. Mbung'o walipopungua, ng'ombe walipata malisho salama, na maksai wakaweza kuvuta jembe na mkokoteni. Hivyo gurudumu la kale na garimoshi la kisasa vilishika kasi Usukuma karibu kwa wakati mmoja.

Leo reli inaandika sura nyingine. Isaka, iliyomo katika Halmashauri hiyohiyo ya Msalala, ina bandari kavu inayohudumia mizigo ya nchi jirani zikiwemo Rwanda na Burundi. Mwezi Juni 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la ujenzi wa kipande cha Reli ya Kisasa cha Mwanza hadi Isaka, chenye urefu wa kilomita 341. Reli ya zamani ina upana wa mita 1. Reli mpya ina upana wa mita 1.435, unaoipa treni uthabiti wa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa.

Magurudumu mawili

Kwa mwananchi wa kijijini, hata hivyo, chombo kilichobadilisha maisha zaidi ni baiskeli. Mwaka 1817, Mjerumani Karl von Drais alitengeneza chombo cha magurudumu mawili kilichosukumwa kwa miguu ardhini. Pedali ziliongezwa Ufaransa katika miaka ya 1860. Mwaka 1885, John Kemp Starley wa Uingereza alitoa baiskeli yenye magurudumu yanayokaribia kulingana na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop akasajili tairi la kujazwa upepo. Baiskeli inayobeba maji, nafaka na abiria Bugarama leo bado ina umbo hilohilo.

Mwaka huohuo wa 1885, Gottlieb Daimler wa Ujerumani alifunga injini ya petroli katika chombo cha magurudumu mawili, na mwaka uliofuata Karl Benz akasajili gari lake. Pikipiki ya abiria ilipata jina la bodaboda kutokana na waendesha baiskeli waliovusha watu mpakani mwa Kenya na Uganda, eneo la Busia. Nchini Tanzania, usafirishaji huo uliwekewa kanuni mwaka 2010, na kofia ngumu ni wajibu kwa dereva na abiria wake.

Safari ya kwenda chini

Ukanda wa dhahabu una safari nyingine isiyoonekana barabarani. Bulyanhulu ni mgodi wa chini ya ardhi, ambako watu na mawe hupandishwa na kushushwa kwa nyaya. Hofu ya kukatika kwa kamba ilipatiwa jibu miaka ya 1850, pale Mmarekani Elisha Otis alipobuni breki inayojifunga yenyewe kamba inapokatika. Kanuni hiyohiyo hulinda lifti za majengo marefu na vizimba vya migodini.

Barabara, daraja na dakika zinazookoa maisha

Mapema karne ya 19, Mskoti John Loudon McAdam alionesha kuwa adui mkubwa wa barabara ni maji. Alitandaza mawe yaliyopondwa kwa tabaka, akainua barabara katikati ili maji yatiririke pembeni. Mwananchi wa Msalala anaielewa kanuni hiyo bila kusoma kitabu: udongo mweusi wa mbuga ukilowa, pikipiki nzima na dereva hodari havisaidii kitu.

Ndiyo maana mradi wa kuijenga kwa lami barabara ya Kahama–Bulyanhulu Junction–Kakola, yenye kilomita 73, una uzito kwa wakazi wa eneo hilo. Kwa upande wa Mwanza, Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025 na kuondoa foleni ya kusubiri kivuko.

Uzito huo huonekana zaidi usiku, mama mjamzito anapoanza kutokwa na damu. Zamani alibebwa kwa machela. Baadaye akapakiwa kwenye baiskeli. Kuwepo kwa magari hakukumaliza tatizo, kwa kuwa familia ilipaswa kwanza kumtafuta dereva, kisha nauli, huku saa zikipita.

Jibu lilipatikana katika utaratibu uitwao m-mama, ambao ulijaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo, kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mhitaji au mhudumu wa afya hupiga namba 115 bila malipo. Mhudumu wa kituo cha simu huuliza dalili na kutafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Lisipopatikana, humwita dereva wa jamii aliyesajiliwa. Dereva hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa, hivyo familia haiombwi nauli. Huduma hiyo inawahusu wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wanaopata dharura.

Utaratibu huo hauna injini mpya wala gurudumu jipya. Unaunganisha simu, gari na dereva ambao tayari wapo, ili vifike kwa wakati. Wananchi wa Bugarama na maeneo mengine nchini wanahimizwa kuikariri namba 115, kuvaa kofia ngumu wanapopanda bodaboda, na kuilinda mitaro ya barabara isizibwe kwa taka, kwa kuwa barabara iliyokatika huirudisha familia kwenye machela.