Nani Ana Haki ya Kupita Mto Derwent?

Mto Derwent huanzia Fylingdales, kwenye nyika ya juu ya North York Moors, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Huko miti ni nadra. Kuna vichaka vifupi vinavyochanua maua ya zambarau mwezi Agosti, na chini yake udongo mweusi wa mimea ambayo haijaoza ikaisha. Maji yakichujika humo hutoka yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Bahari ya Kaskazini iko kilomita chache tu mashariki, lakini mto huipa mgongo, ukaelekea kusini kisha magharibi, na kusafiri zaidi ya kilomita 100 kabla ya kuingia mto Ouse pale Barmby.

Sababu ni barafu. Katika enzi ya barafu ya mwisho, barafu nene iliziba njia ya kwenda pwani. Maji yakajaa bondeni, yakawa ziwa ambalo wanajiolojia huliita Pickering, hadi yakapata upenyo kusini-magharibi na kuchimba korongo la Kirkham. Barafu ilipoyeyuka iliacha udongo na kokoto upande wa pwani, na mto ukashika njia mpya moja kwa moja. Bonde hilo la ziwa leo ni mashamba tambarare yanayofurika upesi, ndiyo maana sheria ya mwaka 1800 iliruhusu kuchimbwa mfereji wa Sea Cut, unaochepusha maji ya mafuriko ya Derwent hadi baharini, kaskazini mwa Scarborough.

Watu wa mji wa Malton waliutaka mto huu kwa biashara. Bunge liliidhinisha usafiri mwaka 1702, na baadaye yakajengwa malango ya maji matano: Sutton, Stamford Bridge, Buttercrambe, Howsham na Kirkham. Kila mahali, banio lilikatiza mto ili kina kiongezeke, na kando yake kukawa na chumba chenye lango huku na huku. Tishari liliingia kutoka chini, lango likafungwa nyuma yake, maji ya juu yakaachiliwa taratibu, na chombo kikapanda pamoja na shehena yake. Makaa ya mawe yalipanda hadi Malton, nafaka ikashuka.

Reli ya York hadi Scarborough ilifunguliwa mwaka 1845. Miaka kumi baadaye kampuni ya North Eastern Railway iliinunua njia ya maji iliyokuwa ikishindana na treni zake, na matishari yakapungua. Mwaka 1935 amri ikafuta haki ya usafiri kwenye sehemu ya mto iliyo juu ya lango la Sutton.

Katika miaka ya 1970 shirika la Yorkshire Derwent Trust lililifufua lango la Sutton, kisha likaenda mahakamani kudai haki ya kupita mto uliobaki. Mahakama ya Rufaa ilikubaliana nalo. Mwaka 1991 Baraza la Malodi, ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa, likakataa: sheria ya 1932, iliyoigeuza njia iliyotumika wazi kwa miaka 20 kuwa ya umma, ilikuwa ya nchi kavu, haikuhusu mito.

Waliopinga hawakuwa wamiliki wa ardhi peke yao. Malisho ya Derwent ya chini hufurika kila majira ya baridi, na batamaji kutoka Siberia hutua hapo. Hofu ya wahifadhi ni ya kweli, nami naiheshimu. Ila mashua ya injini na mtumbwi wa kasia zimetiwa kapu moja bila sababu. Sheria ya mwaka 2000 ilimpa mtembea kwa miguu haki ya kuzurura kwenye nyika za wazi nchini, lakini ikakataza waziwazi kwamba haki hiyo itumike kupitisha chombo kwenye maji yasiyofikiwa na kupwa na kujaa. Scotland, kwa sheria ya 2003, iliwaruhusu watu kupita mitoni bila injini, mradi wawe na adabu kwa mazingira na kwa wenye ardhi. Derwent inastahili utaratibu kama huo: kasia ruhusa, injini hapana, na sehemu za malisho zifungwe katika misimu ambayo ndege wanazihitaji.