Rangi ya kalipa kwenye chumvi ya Mkwiro

Pikipiki inayolala karibu na maji, iwe imevushwa kwa mashua hadi Mkwiro, kijiji cha kisiwa cha Wasini, au imeachwa Shimoni, upande wa bara, karibu na gati ikimsubiri mwenyewe, huanza kuliwa na chumvi kwenye breki. Bodaboda nyingi bado zina breki za ngoma, lakini zenye diski mbele zinaongezeka, na kalipa ya aluminiamu inayobana diski hiyo imekaa mahali pabaya: chini, karibu na tairi, ikirushiwa mchanga na tope. Rangi ya kiwandani ikichubuka, aluminiamu haitoi kutu nyekundu bali unga mweupe, na unga huo hutambaa chini ya rangi iliyosalia ukiibandua kidogo kidogo. Karibu na boliti za chuma ndipo hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu metali mbili tofauti zikigusana kwenye maji ya chumvi, ile dhaifu huliwa haraka. Hapo dhaifu ni aluminiamu.

Kwa hiyo kuipaka kalipa rangi upya si urembo tu. Lakini wengi huiharibu kazi hii kabla hawajafungua kopo. Wanapiga msasa, wanafuta vumbi, wanapuliza. Chembe za chumvi zilizobaki kwenye vishimo hufunikwa zikiwa hai. Baadaye huvuta unyevu kupitia kwenye rangi yenyewe, na malengelenge hutokea. Dawa yake ni kuosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na hapo Mkwiro ina mtihani wake. Kisiwa cha Wasini hakina mto, maji ya visima vyake yana chumvichumvi, na watu wametegemea tangu zamani mvua inayokusanywa kwenye majabia. Maji hayo hayamwagwi ovyo. Basi ya kisima yatumike kuondoa tope, na kibuyu kimoja cha maji ya mvua kiwekwe kwa suuza ya mwisho. Kalipa ikishakauka kabisa ndipo ifutwe kwa thina kuondoa mafuta, na baada ya hapo isishikwe tena kwa vidole vitupu.

Kuna sehemu ambazo rangi haitakiwi kufika: pistoni na raba zake, pini ambazo kalipa huteleza juu yake, njia za pedi, na nyuso ambazo boliti hukalia. Hii ya mwisho husahaulika sana. Rangi iliyo chini ya kichwa cha boliti hubonyea siku zinavyokwenda, na boliti iliyokazwa vizuri hulegea bila mtu kuigusa.

Sasa suala la kukomaa, ambalo kwangu ndilo kiini cha kazi yote. Rangi ya kawaida ya mafuta hukauka kwa hatua mbili. Kwanza thina huruka hewani. Hilo ni suala la saa chache, na kidole kikigusa hakinati. Kisha oksijeni huingia na kuziunganisha chembe za rangi, ikianzia juu kwenda chini, na hatua hii huchukua siku nyingi. Ukipaka tabaka nene, ngozi hufunga juu na kuiacha rangi ya chini ikiwa laini. Ndiyo maana tabaka tatu nyembamba hushinda moja nzito. Anayefanya haraka huifunga kalipa kesho yake, anapanda Kwale, na kwenye mteremko wa kurudi Kombani breki inapata moto. Rangi inalainika, vumbi linanasa, na spana ikiigusa inatoka na ganda.

Fundi wa mashua analijua jambo hili kwa njia yake: ubao wenye unyevu haupakwi sifa, yaani mafuta ya papa, hata mwenye chombo akihimiza vipi. Kwa kalipa, kazi ifanywe asubuhi umande ukishaondoka, si jioni, kwani unyevu ukitua juu ya rangi mbichi huiachia ukungu mweupe. Siku za kaskazi zenye jua kavu ni bora kuliko za masika.

Rangi maalumu ya kalipa mara nyingi huhitaji joto ili ikomae. Baadhi huelekezwa kukaa kwenye nyuzi 93 za Selsiasi kwa muda wa saa moja. Joto hilo lisitafutwe juu ya jiko la mkaa, maana mvuke wa thina hushika moto. Rangi ya makopo mawili, yenye kikazishi chake, hukomaa yenyewe bila kungoja hewa, na ndiyo imara zaidi, lakini nyingi zina kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya kitambaa haiizuii. Ipakwe kwa brashi mahali pa wazi. Ya aina yoyote ile, bonyeza ukucha mahali pasipoonekana, kisha nusa. Alama ikibaki, au harufu ya thina ikiwa bado ipo, ngoja.

Wakati wa kuifunga kalipa, rangi hukutana na adui mwingine. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 huyeyusha rangi, hasa ile ambayo haijakomaa. Hewa itolewe kwenye mfumo, mkono wa breki ubanwe tena na tena mpaka uwe mgumu kabla pikipiki haijasogea, na ndoo ya maji iwe karibu. Tone likidondoka juu ya kalipa limwagiwe maji pale pale, kwa kuwa mafuta hayo huchanganyika na maji na kuondoka. Kitambaa kikavu huyasambaza tu.