Pampu kubwa haiongezi nguvu bila hewa

Pikapu ya dizeli inapolegea mlimani ikiwa imebeba viazi vya Njombe, baadhi ya wenye magari humwomba fundi "aongeze pampu". Fundi huzungusha skrubu ya kiwango cha mafuta, au hufunga pampu kubwa zaidi, na gari huondoka kwa kishindo. Furaha hiyo huwa fupi.

Tatizo ni hewa. Kilo 1 ya dizeli huhitaji takribani kilo 14.5 za hewa ili iungue yote. Injini isiyo na turbo huvuta hewa iliyopo tu, na Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu moja ya tano. Dizeli inayozidi hutoka kama moshi mweusi, yaani fedha za viazi zinapeperushwa kwenye bomba. Kibaya zaidi, joto hupanda, na kwenye mlima mrefu pistoni huweza kuyeyuka. Hapo mzigo hulala njiani na injini hufumuliwa yote.

Kabla pampu haijaguswa, zikaguliwe chujio za dizeli na hewa, mabomba yanayopitisha hewa, kisha nozeli zipimwe. Mara nyingi nguvu iliyopotea imejificha hapo. Pampu iliyochakaa ipelekwe kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, si wa kukisia kwa sikio.

Pampu kubwa hufaa injini yenye turbo, mradi hewa nayo iongezwe na rejeta iweze kulipoza joto hilo.