Mukimbizi asiye na kosa: juu ya nini tunamupenda?

Ni saa moya ya usiku. Baba ametoka ku kazi, ameoga, amekula bukari yake. Batoto bamekwisha kukaa chini mbele ya televizio, jirani naye ameleta kiti chake. Filme inaanza: mutu anakimbia, polisi iko nyuma yake. Nyumba nzima inanyamaza, hata mama anaacha sahani mu maji. Mutoto moya anashindwa kujizuia, analia: « Kimbia, baba, kimbia! »

Tujiulize kidogo. Sisi wenye kufundisha batoto kuheshimu sheria, juu ya nini tunasimama upande wa mutu anayetafutwa na polisi?

Tuchukue moya ya filme zilizofungua njia hiyo: Le Fugitif. Ilianza kule Marekani mwaka 1963, ikaisha 1967, vipande 120. Muganga wa batoto, Richard Kimble, anarudi kwake usiku na motokari. Anaona mutu wa mukono moya tu anakimbia kutoka upande wa nyumba. Anaingia, anakuta bibi yake amekufa. Tribinali haimwamini, inamukatia hukumu ya kifo. Njiani treni inaanguka, yeye anapona, anatoroka. Toka siku ile iko na kazi mbili: kumukimbia Gerard, luteni wa polisi, na kumutafuta ule wa mukono moya.

Bengine banasema tunapenda filme hizi juu ya mbio. Sisi hatukubali. Mbio zinachosha macho upesi. Muangalie vizuri: Kimble ni mufanyakazi. Kila muji anachukua jina jipya na kazi mupya: leo dereva, kesho mutu wa shamba, kesho kutwa muuzaji wa pombe. Hana karatasi, hana ndugu wa kumusemea. Mutu aliyeacha kijiji chake kutafuta kazi mahali asipojulikana anaelewa mambo hayo bila kuelezwa.

Lakini kuko jambo moya zaidi. Mara nyingi Kimble angepita tu, angekuwa salama. Njiani anakutana na mugonjwa, ao mutu anayeonewa. Akisimama, anaweza kukamatwa. Na anasimama. Njo maana tunamupenda. Sisi batu ba mashimo tunajua: udongo ukianguka, mwenye kukimbia hatumuhukumu, mwili unaogopa. Lakini jina tunalolitaja miaka mingi ni la ule aliyegeuka kumurudilia mwenzake.

Batoto benu benye kusoma Kifransa muwaulize habari ya Jean Valjean, mu kitabu cha Victor Hugo cha mwaka 1862. Aliiba mukate, na juu ya kujaribu kutoroka mara kwa mara akakaa kifungoni miaka 19. Kisha akajificha na jina lingine, akawa mukubwa wa muji. Siku moya gari la farasi likamulalia muzee. Javert wa polisi alisimama pale pale, anamuzania. Valjean akajua hatari yake. Akaingia chini ya gari, akaliinua na mugongo. Luteni Gerard ni sawa ndugu mudogo wa ule Javert.

Kipande cha mwisho cha Le Fugitif kilionyeshwa tarehe 29 Agosti 1967. Bamarekani karibu milioni 78 bakakiangalia. Na bakaona nini? Kumbe shahidi alikuwa pale toka mwanzo! Jirani moya alikuwa ndani ya nyumba usiku ule, akaona na macho yake ule wa mukono moya anamupiga bibi ya Kimble. Woga ukamufunga miguu. Kisha haya ikamufunga kinywa. Miaka yote ile mwenzake analala njiani, yeye ananyamaza. Muuaji akafa kwa bunduki ya Gerard mwenyewe, na kama jirani hangekubali kusema, Kimble angebaki na kosa lake.

Basi, polisi haikumukimbiza Kimble peke yake. Kimya cha jirani kilimukimbiza pia.

Na huku kwetu? Bidoni za mazutu zinapotea ku kazi, banamushika mutu wa kazi ya usiku. Batatu banajua vizuri alikuwa pamoja nao saa ile. Lakini kila moya anasema: « Si mambo yangu, niko na batoto ba kulisha. » Mwenzao anafukuzwa, bibi yake anauza masufuria. Na jioni bale bale batatu banakaa mbele ya televizio, banamulilia Kimble machozi.

Kesho filme ikiisha, tusizime mbio mbio. Tuwaulize batoto: « Ungekuwa ule jirani, ungefanya nini? » Na wao bakitugeuzia ulizo hilo, tuwe na jibu.