Gesi ya Ziwani: Kuwaka Si Ushahidi

Mapovu yakipanda kutoka kwenye tope la ziwa na kushika moto wa kiberiti, hachelewi mtu kutangaza kwamba tumepata utajiri. Lakini methani huwaka vilevile, iwe imetokana na majani yaliyooza mwaka jana au na miamba iliyotangulia dinosaria. Asili yake huonekana maabara tu.

Ziwa Nyasa, linalopakana na Ruvuma kuanzia Lituhi kupita Liuli na Mbamba Bay, lina kina kinachofikia takribani mita 700. Chini ya mita 250 hivi, maji yake hayana oksijeni. Huko vijidudu huozesha mabaki ya mimea na mwani, na kutoa methani. Hupendelea kaboni-12, iliyo nyepesi, kuliko kaboni-13. Kwa hiyo gesi yao huwa na uhaba mkubwa wa kaboni-13, tena haina ethani wala propani ya kutajika.

Chanzo cha pili wana Mbinga wanakijua kwa sura nyingine. Makaa ya mawe ya Ngaka ni mimea ya enzi ya Karoo, iliyofukiwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Mabaki kama hayo yakizama na kupata joto linalopita nyuzi 100, huvunjika yenyewe bila kijidudu chochote, yakatoa methani yenye kaboni-13 zaidi, pamoja na ethani na propani. Nyufa za Bonde la Ufa zinaweza kuipitisha juu.

Hapo ndipo hesabu huwa ngumu. Wapo vijidudu wengine wanaokula methani, nao huanza na ile nyepesi. Inayobaki huonekana kama imepikwa ardhini. Hupimwa pia heliamu-3, dalili ya gesi inayotoka chini ya gamba la dunia. Ziwa Kivu ni mfano mzuri wa mchanganyiko wa vyanzo: kati ya methani yake ya kilomita za ujazo zipatazo 60, sehemu kubwa vijidudu waliitengeneza kwa kaboni dioksidi ya volkano. Nyasa haina akiba ya namna hiyo.

Ukiyaona mapovu, weka kiberiti mfukoni. Jaza chupa ya kioo maji ya hapohapo, igeuze mdomo chini ukiwa umeizamisha, acha mapovu yasukume maji nje, kisha uizibe ikiwa bado majini. Hewa ikiingia, sampuli imeharibika.