Je, Wajua? Intaneti ya Kericho na Bomet iliwahi kutoka angani

Mnamo Julai 2020, Telkom Kenya ilishirikiana na Loon, kampuni dada ya Google, kuzindua intaneti ya 4G inayorushwa na maputo. Ilikuwa huduma ya kwanza ya kibiashara ya aina hiyo Afrika. Ilienea karibu kilomita 50,000 za mraba, kuanzia Iten na Nakuru hadi Kisii, Narok, Bomet na Kericho.

Maputo hayo, takribani 35, yalielea kilomita 20 hivi juu ya ardhi, juu kabisa ya njia za ndege za abiria. Yalirushwa kutoka Nevada na Puerto Rico, yakatumia umeme wa jua. Hayakuwa na injini ya kuyasukuma: kompyuta iliyapandisha au kuyashusha mpaka yakutane na upepo unaovuma kuelekea kunakotakiwa. Ubunifu wa ajabu kweli! Na kwa nchi ya chai ya Kericho na Bomet ulifaa, kwa kuwa mawimbi ya mnara wa simu huzuiwa na vilima, ilhali puto huliona bonde lote kutoka juu.

Hata hivyo, Loon haikuweza kupunguza gharama kiasi cha kujiendesha, na huduma ikafungwa Machi 2021. Asiye na simu ya 4G hakuwahi kuionja.

Leo kazi hiyo imebaki hasa kwa minara. Pale ambapo kampuni za simu hazioni faida, minara hiyo hugharamiwa na mfuko wa huduma kwa wote, unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.